Kitenge cha yadi sita kwenye mwili wa futi tano: tathmini ya vitambaa vya maua vinavyouzwa Mwanza

Vitenge katika maduka ya Makoroboi huning'inizwa vikiwa vimekunjwa, na mtego uko hapohapo. Kitambaa chenye upana wa inchi 46 kinaonyesha ukutani kipande cha ukubwa wa taulo la uso. Ua limekatwa nusu na mkunjo, jicho linamalizia lenyewe kwa kubahatisha. Ukifika nyumbani ukakunjua, lile ulilodhani ni jani dogo linageuka bawa la tausi lenye upana wa sinia ya pilau. Mwanamke wa futi 5 na inchi 9 ana mahali pa kumtua tausi huyo. Wa futi 5 hana.

Tunaowaandikia ni wa kimo cha futi 5 na inchi 4 kushuka chini, yaani sentimita 163 hivi, wenye mifupa midogo: bega la inchi 14 au pungufu, mgongo wa inchi 14 na nusu au 15 kutoka shingoni hadi kiunoni. Mjini wanaitwa potabo. Wengi wao wameshaambiwa na kila mtu, kuanzia shangazi hadi muuza duka, kwamba wakae mbali na maua makubwa. Ushauri huo una nusu ya ukweli tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowapeleka watu nyumbani na vijidoadoa visivyowapendeza.

Hukumu tunaitoa mapema kwa wenye haraka. Kati ya vitambaa vya maua vinavyopatikana kirahisi mjini, kinachomfaa mtu mdogo kuliko vyote ni kitenge cha wax cha pamba chenye maua ya ukubwa wa ngumi, kikinunuliwa yadi 3 badala ya 6. Kanga inakifuata kwa karibu, na ikipata fundi mwenye akili inakipita. Dera la dukani ni la kununua kwa masharti. Kitenge cha poliesta chenye duara kubwa kila baada ya nusu yadi kiacheni ukutani, hata mkipewa kwa bei ya kutupa.

Shibiri yako, siyo ya muuzaji

Ukubwa wa ua hausemi kitu mpaka uulinganishe na mwili utakaolibeba, na kipimo cha kufaa kwa kazi hii ni kile cha bibi zetu. Shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho kiganja kikiwa wazi, hupungua pamoja na mwenye nayo. Mwanamke mdogo ana shibiri ya inchi 7 au 7 na nusu. Kutoka begani hadi kiunoni kwa mbele ana inchi 15 hivi, yaani shibiri zake mbili. Sketi yake ya kufika gotini ni shibiri tatu.

Dukani, tafuta ua moja, weka gumba kwenye ncha yake ya juu, kisha ushuke na mkono mpaka ulikute ua lilelile tena. Likijirudia ndani ya shibiri moja, utaliona mara mbili kifuani na mara tatu kwenye sketi. Jicho linapita juu yake kama linavyopita juu ya maji, bila kukwama. Likijirudia kila baada ya shibiri mbili, litaingia mara moja tu kati ya bega na kiuno. Hapo hujavaa tena maua, umevaa picha, na picha hiyo itakaa popote fundi atakapoiangusha. Zaidi ya shibiri mbili, kitambaa hicho ni cha pazia au cha dada mrefu.

Ua lenyewe, tofauti na nafasi ya kujirudia, lisizidi ngumi yako iliyofumbwa. Kiganja kizima kinavumilika kama rangi zake zimepoa.

Vidogo mno navyo vina ubaya wake. Maua ya ukubwa wa punje ya mchele, yakitazamwa kutoka upande wa pili wa barabara, yanayeyuka na kuwa kijivu. Kitambaa kinaonekana kichafu kabla hakijavaliwa. Tena juu ya mwili mdogo, kola ya duara na mikono mifupi, vijimaua hivyo vinamgeuza mwanamke mwenye miaka 40 na watoto sekondari kuwa binti wa Kipaimara. Tunaona kosa hili mara nyingi kuliko lile la maua makubwa, kwa sababu limebarikiwa na ushauri wa shangazi.

Kinachopuuzwa na wengi ni mgongano wa rangi. Ua kubwa la buluu iliyokolea juu ya buluu iliyopoa lina kelele kidogo kuliko vidoa vyeupe juu ya nyeusi. Njia rahisi ya kupima: piga picha ya kitambaa kwa simu, kisha uiondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama maua yamezama kwenye kijivu, kitambaa kimetulia na unaweza kuruhusu ukubwa zaidi. Kama yanaruka kama herufi za bango, ukubwa ushuke hadi nusu ngumi. Piga picha hiyo nje mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Taa za ndani ya duka hupoza nyekundu na kufanya njano iliyokoza ionekane krimu.

Angalia pia uwanja, ile rangi ya nyuma ya maua. Maua yaliyotawanyika mbalimbali kwenye uwanja mtupu yanakaa mwilini kama mabaka. Yaliyosongamana, majani yakigusana, yanaunda kitu kimoja. Mwenye umbo dogo atafute msongamano.

Kuhusu mistari: ya wima husifiwa kupita kiasi. Mstari wa inchi 3 kwenye kifua kinachoonekana upana wa inchi 13 kwa mbele unaingia mara nne na kubakiza kipande, na mtu yeyote anaweza kukuhesabu. Mstari wa nusu inchi au chini ya hapo unafanya kazi inayodaiwa. Ya mshazari ni mizuri zaidi, na haijali sana kama kiuno kimepinda kidogo. Drafti kubwa iachwe.

Kilichopo dukani

Kitenge cha wax halisi kimechapwa pande zote mbili: nta au utomvu hupakwa kuzuia rangi, kitambaa huzamishwa, nta huondolewa, na pale ilipopasuka rangi hupenya na kuacha mishipa myembamba isiyofanana. Mishipa hiyo ni rafiki wa mtu mdogo kwa sababu inavunja ukingo wa ua na kulifanya lisikae kama stika. Geuza kitambaa. Kama nyuma kumefifia au ni kweupe, umeshika fansi, kilichochapwa upande mmoja. Si dhambi, ila pindo likigeuka au mkono ukikunjwa, weupe utaonekana.

Maandishi ya ukingoni yasikupumbaze. Vlisco ya Uholanzi, inayochapa vitambaa mjini Helmond tangu 1846, huandika jina lake ukingoni, na wanaoiga huandika vilevile. Vidole na moto ni mashahidi wazuri kuliko herufi. Omba nyuzi mbili za ukingoni uziwashe: pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta inanywea na kuacha kidonge kigumu cheusi. Inauma kidogo kufanya jaribio hili hapa, kitovu cha kanda inayolima pamba nyingi kuliko kwingine kokote nchini, na mara nyingi kukuta kidonge.

Kwa nini poliesta imfae kidogo mwenye umbo dogo? Kwanza haipumui, na joto la Mwanza kabla ya mvua halina huruma. Pili haikubali pasi ya kuitengeneza: gauni dogo lina mishono mingi ya kubana kwenye eneo finyu, na mishono hiyo inahitaji kulazwa kwa pasi ya moto ilale kimya. Kwenye poliesta inabaki imevimba kama kamba chini ya nguo. Tatu inang'aa, na mng'ao unaongeza upana.

Pamba mpya nayo ina wanga. Kikiwa dukani kitenge kinasimama chenyewe kama boksi, na boksi juu ya mtu mdogo linamvaa yeye. Usikipime mwilini kikiwa hivyo ukakihukumu. Kiloweke kwenye maji ya kawaida usiku mmoja bila sabuni, kianike kivulini, kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo, ndipo kiende kwa fundi. Pamba ikinywea asilimia 3 tu, yadi 3 zinapoteza inchi 3 na ushei, na kwenye gauni lililokwisha kushonwa zinapotea kiunoni na kifuani, mahali ambapo mtu mdogo hana inchi ya kutoa sadaka. Kabla ya kuloweka, sugua kona kwa leso nyeupe iliyoloa. Leso ikibadilika rangi, kiloweke peke yake, na usikiunganishe na kitambaa cheupe kwenye gauni moja.

Sasa yadi. Mazoea ni kuuza pisi ya yadi 6, na fundi naye atakuambia yadi 4 ndiyo salama. Pigeni hesabu. Gauni la moja kwa moja linalofika gotini kwa mtu wa futi 5 lina urefu wa inchi 36 kutoka begani, weka 40 pamoja na pindo na mishono. Nyonga za inchi 36 zinahitaji vipande viwili, mbele na nyuma, vya inchi 20 kila kimoja. Vinakaa ubavu kwa ubavu kwenye upana wa 46 na nafasi inabaki. Ongeza inchi 12 za mikono. Hiyo ni yadi 1 na nusu. Yadi 2 zinatosha bila wasiwasi, na yadi 3 zinakupa uhuru wa kupanga maua au kutanua sketi. Kama picha zina kichwa na miguu, ndege wanaoangalia juu kwa mfano, vipande vyote vikatwe kuelekea upande mmoja, basi ongeza nusu yadi. Maduka mengi hukubali kukata pisi katikati. Asiyekubali, tafuta mwenzako mwenye kimo kama chako mgawane, mradi hamtakwenda harusi moja.

Mkunjo wa fundi

Hapa ndipo kitambaa kizuri kinapoharibiwa, na kosa hutokea kabla mkasi haujagusa chochote.

Fundi hukunja kitambaa mara mbili kwa urefu, kisha huweka kipimo cha mbele kwenye mkunjo. Mkunjo huo ndio utakaokuwa mstari wa katikati ya mwili, kutoka koo hadi pindo. Yeye anaangalia asipoteze kitambaa. Anakunja ukingo kwa ukingo na kuanza. Tuseme maua ya duara yamepangwa kwa safu, na kati ya kitovu cha safu moja na nyingine pana inchi 7. Mkunjo ukiangukia katikati ya safu mbili, kila safu inakaa inchi 3 na nusu kutoka mstari wa kati. Kwa mwanamke mdogo, ncha za matiti zimeachana inchi 7 kwa kawaida, yaani 3 na nusu kila upande. Duara moja huku, duara jingine kule, sawasawa kabisa. Watu watakusalimia wakiangalia chini ya shingo yako na wala hawatakuwa wamekosa adabu, kitambaa kimewaita.

Dawa ni kusogeza mkunjo. Kitambaa kikunjwe juu ya kitovu cha safu, safu hiyo ishuke katikati ya mwili kama vifungo vya shati, na safu za pembeni ziangukie inchi 7 kila upande, karibu na kwapa, ambako mshono wa ubavuni utazimeza nusu. Kwa kufanya hivyo umepoteza kitambaa cha inchi 7 hivi ukingoni. Umepata mstari mrefu wa katikati ambao hakuna kiatu kirefu kitakachokupa.

Kisha kupanda na kushuka. Kwenye safu ya katikati, ua moja likae chini ya shingo, kwenye mfupa wa kifua, inchi 3 au 4 chini ya ukingo wa shingo. Tazama linalofuata linaangukia wapi. Kama ni juu ya tumbo, inchi 2 chini ya kiuno, sogeza kitambaa mpaka kiuno chenyewe kilikate ua hilo katikati. Ua lililokatwa na mshono wa kiuno halionekani kama ua tena. Lililotua zima tumboni linauliza swali ambalo si kila mtu anataka kulijibu.

Nyuma kuna shida nyingine: zipu. Zipu ya mgongoni inapasua kipande cha nyuma pande mbili, na ua la ngumi likipishana nusu inchi kwenye zipu linaonekana kutoka mbali, hasa mgongo wenyewe ukiwa mfupi. Mwambie fundi aweke zipu ubavuni, chini ya kwapa la kushoto, nyuma ibaki kipande kimoja. Inahitaji inchi 12 hadi 14 na haishindikani. Maua ya nyuma nayo yapangwe kwa safu ya katikati kama ya mbele, kwa sababu kilichotokea kifuani kinaweza kutokea makalioni, na huko hujioni.

Fundi akisema hayo yote yanakula muda, anasema kweli. Muongeze hela. Vinginevyo atakubali kwa mdomo, na mkunjo utabaki ukingo kwa ukingo. Mwambie kwa upole: "Fundi, kabla hujakata nipigie simu nije nione mkunjo." Au akutumie picha ya kitambaa kikiwa mezani na kipimo juu yake. Baada ya kukata apige bandi ujaribu kabla ya mashine, na mishono ya ubavuni abakize inchi nzima ndani. Wengi hubakiza nusu, halafu ovaloki inakula robo nyingine.

Mshono

Picha za mishono zinazozunguka kwenye simu zimepigwa wanawake warefu waliosimama juu ya viatu virefu. Ukimpa fundi picha hiyo bila vipimo vya urefu, atachukua vipimo vya upana wako na kubuni vya kwenda chini. Kiuno kinashuka inchi moja kwenye nyonga, na gauni lote linaonekana la kuazima. Vipimo vitatu asivikose: kutoka shingoni nyuma hadi kiunoni, kutoka begani hadi ncha ya titi (9 hadi 9 na nusu kwa wengi wenu), na kutoka kiunoni hadi gotini. Funga uzi kiunoni kabla hajaanza kupima, ili kiuno kiwe kimoja kwa vipimo vyote. Kama kitambaa kina maua mengi, mwambie apandishe kiuno nusu inchi juu ya uzi. Miguu inarefuka bure.

Peplamu, kile kisketi kifupi kinachoning'inia kuzunguka kiuno, ni nzuri kama ni fupi. Inchi 4 au 5 kutoka kiunoni, iishie juu ya sehemu pana ya nyonga. Ya inchi 8 iliyo kwenye picha inakukata mapande matatu, na mwili uliokatwa mapande matatu hauna urefu. Mikono ya puto ya kitenge kikavu inafanya mabega ya inchi 14 kuwa 20. Ukiipenda, ishonwe kwa kitambaa cha rangi moja, maua yabaki kwenye mwili.

Gauni la samaki tunalipa alama ndogo, na sababu ni ya Mwanza zaidi kuliko ya mitindo. Anayeishi juu ya mawe ya Mabatini, Igogo au Isamilo anapanda ngazi zisizo na kipimo, moja ya shibiri, inayofuata ya goti. Gauni lililobana magoti kwa inchi 34 halipandi huko, na mguu mfupi unahitaji nafasi zaidi kuliko mrefu kwa ngazi ileile. Bodaboda ndiyo usiseme. Ukiling'ang'ania, mpasuo wa nyuma uanze inchi 3 juu ya goti na mwisho wake uimarishwe kwa kishono cha kulala, la sivyo utaendelea kupanda wenyewe. Sketi inayotanuka taratibu kutoka nyongani inakupa umbo karibu lilelile na ruhusa ya kutembea.

Sketi ya kufunga inapendeza kwa maua kwa sababu ukingo wake unachora mshazari mbele. Ila upepo wa ziwa unaujua mshazari huo. Kwenye ngazi za kivuko cha Kamanga, ncha za sketi zinapaswa kupishana inchi 12 au zaidi, na kishikizo cha ndani kiwepo kwenye nyonga.

Urefu: juu kidogo ya goti, au chini kidogo ya goti, au mpaka juu ya kiatu. Pindo linaloishia katikati ya shavu la mguu, pale mguu ulipo mnene, linafanya mguu mzima uonekane mnene namna hiyo. Gauni refu lipimwe ukiwa na kiatu utakachovaa, siyo malapa ya fundi.

Kuchanganya kitenge na rangi moja ni jambo jema likifanywa kwa wima: kitenge katikati, nyeusi au rangi ya uwanja pembeni kuanzia kwapani hadi chini. Juu kitenge na chini nyeusi kunakugawa katikati. Mfupi mwenye mwili mnene hapa ndipo apitie njia tofauti kidogo na mwembamba: vipande vya pembeni viwe vipana zaidi, inchi 4 kila upande, na msongamano wa maua upungue.

Kanga

Kanga moja ina upana wa sentimita 150 hivi na kimo cha 110. Mwenye futi 5, kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu, hana hata 90. Akiivaa kiunoni zinazidi sentimita 20 na zaidi, anakunja juu, tumbo linavimba na pindo la juu linapotea ndani. Kwa kuvaa nyumbani ni sawa. Kwa kutokea, kanga ya mtu mdogo ishonwe.

Na ikishonwa ina kitu ambacho kitenge hakina: pindo, ule ukanda uliochapwa kuzunguka kingo zake. Mafundi karibu wote huliweka chini, kuzunguka miguu, kwa sababu ndiko lilikozoea kukaa. Kwa mtu mrefu ni pambo. Kwa mfupi ni mstari wa kulala unaosema mwili umeishia hapa. Chukueni pindo mlisimamishe: likatwe kutoka kanga ya pili ya doti na kushonwa katikati kwa mbele, kutoka shingoni hadi chini, mji, ile sehemu ya ndani ya pindo, ukibaki pembeni. Pindo ni pana, hivyo upande mmoja wake ukunjwe ndani upana ubaki inchi 4. Doti moja inatosha gauni hilo na mikono.

Jina nalo lisikatwe. Maneno ya kanga yaliyopasuliwa na mshono yanaweza kubaki na maana ambayo hukuikusudia, na mitaani watu wanasoma. Ama yakae mazima nyuma, chini ya kiuno, ama yaachwe kwenye kipande cha kilemba.

Kanga nyepesi inaonyesha mwili. Bitana ya pamba nyembamba ishonwe kuanzia kiunoni kwenda chini tu. Juu itaongeza unene na joto.

Dera na mitumba

Dera la dukani ni saizi moja, na saizi hiyo siyo yako. Kosa la kawaida ni kulipunguza chini, kwa sababu pindo lililochapwa linaondoka pamoja na urefu na gauni linabaki limekatika ghafla katikati ya maua. Inchi zitolewe juu: mkunjo mmoja wa kulala chini ya matiti, ushonwe kwa ndani na kupitishiwa lastiki au mkanda. Unapata kiuno, na pindo linabaki mahali pake. Kama hakuna nafasi ya kufanya hivyo, mfano shingo ina nakshi inayoshuka hadi tumboni, usilinunue.

Kwa mitumba, soko la Mlango Mmoja ndiko kwenye chaguo. Magauni ya Marekani yaliyokatwa kwa wanawake wa futi 5 na inchi 4 kushuka chini yana herufi P baada ya namba kwenye lebo: 6P, 8P. Mgongo ni mfupi, mkono ni mfupi, na gauni limekatwa kwa kiuno kilichopanda. Namba 8 bila P itakutosha upana na kukuzidi mgongo, na mgongo ndio usiorekebishika kirahisi. Magauni ya watoto wa miaka 14 huwa ya bei nafuu na maua yake yana ukubwa mzuri, lakini hayana mishono ya kifua. Ukivaa, pindo la mbele linapanda inchi 2 kuliko la nyuma.

Usipochagua kitambaa mwenyewe

Sare. Kamati ya harusi imekaa, kikoba kimekubaliana, ofisi inajiandaa kwa 8 Machi, na kitenge kimeshanunuliwa na mtu mwenye futi 5 na inchi 10 anayependa maduara. Hapa kazi yote iko kwenye kukata. Kunjua kitambaa sakafuni na utafute uwanja, sehemu zenye majani na mishipa bila duara. Hizo ndizo zitoke kifuani na kiunoni. Maduara mazima yaende chini ya goti kama gauni ni refu, au yakatwe na mishono ya ubavuni. Kamati ikiruhusu, shona blauzi ya kitenge na sketi ya rangi ya uwanja uleule, siyo nyeusi, ili mwili usikatike.

Kitenge chenye sura ya mtu kina kanuni moja ya ziada. Sura hiyo mara nyingi inazidi shibiri, na kwenye mwili mdogo inaingia moja tu kila upande. Nyuma iwekwe kati ya mabega, kidevu kikiwa inchi 2 juu ya kiuno. Mbele usiweke kabisa, tumia kingo na maandishi. Mwambie fundi hayo kabla hajakunja, na umwekee alama ya chaki kwenye paji la uso, maana akikunja ukingo kwa ukingo sura itashuka mahali unapokalia.